Shikamoo Mbele ya Watu

Jumapili, 12 Januari

Nimefanya ujinga leo. 

Profesa Edith amefikia hotelini kwetu. Yeye mwenyewe! Tasnifu yangu ilihusu wanawake wa kusini mwa Afrika waliotoka darasani wakaingia bungeni, na sura yake ndiyo ile ambayo msimamizi wangu alisema inasomeka kama barua ya mapenzi. Mwalimu wa hesabu. Mkuu wa chuo kikuu. Waziri wa elimu. Kisha akajiuzulu uwaziri mbele ya bunge zima, akihutubia bila karatasi. Hotuba ile niliisikiliza mpaka nikaikariri, na pumzi zake zote. Nchi yake siiandiki hata humu. Sijui kwa nini. 

Aliingia na begi dogo, miwani, mtandio umepanda mpaka kidevuni. Pasipoti ina jina la ukoo la marehemu mumewe, na "Profesa" haimo popote. Mtu mwenye akili angeelewa hapo hapo. Mimi nilikuwa nimeshasimama nyuma ya kaunta ya mapokezi. Nikakunja goti kidogo, kama bibi alivyotufundisha Tanga, na mdomo ukasema wenyewe, kwa sauti:

"Shikamoo, Mheshimiwa Profesa! Karibu sana Doha!"

Kwa Kiswahili, kwa sababu alikulia Morogoro, wazazi wake wakiwa wapigania uhuru uhamishoni. Hilo nalo nililiandika kwenye tasnifu. Nilijiona mjuzi kweli.

"Marahaba," akajibu, kabla hajafikiri. Halafu uso ukajifunga. Akaniinamia juu ya kaunta. "Mwanangu, mimi ni Bi Edith tu. Mgeni kama wageni wengine." Sauti ilikuwa imekwaruza, nyembamba. Si ile ninayoijua.

Hapa hotelini namba ya chumba hatuitamki. Tunaiandika kwenye bahasha ya kadi na kumwonyesha mgeni kwa kidole, asije akasikia mtu. Nikamwonyesha kwa kidole, kwa adabu zote. Chumba nimekificha. Mwenye chumba nimemtangaza!

Karibu na birika la gahwa, ile kahawa ya Kiarabu ya wageni, alikaa mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu. Aliinua kichwa. Kiswahili pengine hakijui. Lakini profesa ni profesa kwa lugha yoyote, na goti halina haja ya mkalimani.


Jumatatu, 13 Januari

Nimemsimulia Scovia. Tunakaa naye chumba kimoja, Mganda, mlinzi wa duka kubwa kule Lusail. Amecheka mpaka chai ya maziwa, karaki, ikamtoka puani.

"Banange! Wewe mtu gani, unasalimia mpaka unaharibu?" Halafu akaacha kucheka. Sura yake ya kazini ikarudi. "Huyo mwanaume, alipiga picha?"

Sikumbuki. Alikuwa na simu mkononi. Nani hana simu mkononi?

Mchana Profesa alipiga simu mapokezi. Anaomba maji ya moto na ndimu, na ayalete "yule binti wa shikamoo". Wenzangu wakacheka. Mimi nilipanda na trei nikijua nafukuzwa.

Hakunigombeza. Alikuwa amevua mtandio. Upande wa kulia wa shingo kuna uvimbe, kama yai dogo chini ya ngozi. Nikatazama zulia.

"Tazama tu," akasema. "Ndio ulionileta."

Ni tezi. Atapasuliwa Jumatano. Hospitali ipi, siandiki. Kinachoogopwa ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya ule uvimbe — ndio unaoendesha sauti. Ukiguswa, anaweza kuamka bila sauti. Labda kwa wiki kadhaa. Labda moja kwa moja. Aliomba asubiri, maana Jumamosi chama chake kina mkutano mkuu, wanachagua mgombea urais, na jina lake liko juu. Wakamwambia uvimbe unabana njia ya hewa, haujali mkutano. Amepanga arudi kwao Ijumaa, aingie ukumbini Jumamosi kwa miguu yake. Kwao anayejua ni binti yake tu.

Nikamuuliza, kwani kuugua ni kosa?

"Mwanamume akienda kupasuliwa, wanamwombea," akasema. "Mimi nikienda, wanagawana kiti changu."

Nikamuuliza kwa nini ananiambia yote haya. Akasema ninajua nusu tayari, na nusu nyingine ningeikisia mwenyewe, na makisio yangu yeye hawezi kuyasimamia. Akanywa maji taratibu sana, kama kila funda linapita mlango mdogo. Kisha akaomba dereva asiyesema sana.

Nimempa Kiprono. Mkenya wa Eldoret, anaendesha gari la hoteli. Ananiita Redio, ati Kiswahili changu kimetoka kwenye taarifa ya habari. Kusema anasema sana, lakini hasemi kitu.

"Tulia, Redio," aliniambia. "Mimi sijaona mtu. Nilikuwa nimelala kwa gari."


Jumanne, 14 Januari

Yule wa koti la kijivu amekuja kaunta. Anaitwa Trevor. Kiingereza cha kusini, laini, manukato mazuri. Ameniletea boksi la chokoleti! Anasema Profesa ni shangazi yake, wamepishana uwanja wa ndege, nimwambie yuko chumba gani.

Nilimjibu kama tulivyofunzwa: samahani, hatuna mgeni kwa jina hilo. Na kweli hatuna. Jina alilolitaja halimo kwenye kompyuta.

Akatabasamu. "Mbona ulimpigia goti?"

Nikasema nimemfananisha na mtu. Nikasema sisi watu wa Pwani tunawaamkia wakubwa wote. Maneno yakazidi. Mtu asiye na la kuficha haelezi mila za kwao kwa mgeni wa hoteli. Yeye ananitazama tu, tena si usoni — anasoma beji yangu. MWANAMKUU. Na chini yake bendera ndogo ya Tanzania, maana hoteli inapenda wageni wajue tunakotoka. Ilinipendeza nilipoivaa mara ya kwanza. Leo niliiona kama anwani.

Chokoleti nimezipeleka chumba cha wafanyakazi. Sikuonja.


Jumatano, 15 Januari

Amekwenda asubuhi. Kiprono alimtoa kwa mlango wa mizigo. Mvua imenyesha Doha, barabara zimejaa maji, watu wanaifurahia na kupiga picha. Sijapata habari. Nimekosea kuwaandikia wageni kadi mara mbili.


Alhamisi, 16 Januari

Picha imetoka.

Scovia ndiye aliyenionyesha, ameamka nayo kwenye simu. Profesa kwenye ukumbi wetu, mtandio, begi, ua la mezani kwetu kabisa. Maneno chini yake: amekimbia nchi, hatarudi, anaomba hifadhi kwa Waarabu. Wengine wanaandika yuko mahututi. Mmoja ameandika amefariki na familia inaficha. Watu wameshaanza kumlilia, na wengine kumcheka. Mmoja anasema mahali pa bibi ni kulea wajukuu.

Pembeni mwa picha kuna bega. Sare ya rangi ya divai. Bega langu.

"Imekatwa hapo," alisema Scovia, akinionyesha kwa kidole. "Mwenye simu anayo yote."

Anayo. Trevor alinijia nikiwa natoka mapumziko, kwenye korido ya vyoo, pale ambapo kamera haifiki vizuri. Hata hilo analijua. Akanionyesha nzima. Mimi na goti langu. Mimi na kinywa wazi. Beji inasomeka.

Alisema kwa upole, kama anayenishauri. Meneja wangu akiuliza watu wamejuaje mgeni huyu yuko hapa, picha hii itamjibu. Mfanyakazi ametangaza mgeni mbele ya ukumbi. Kazi itakuwepo? Kibali cha kukaa kitakuwepo? Lakini hapendi kuniharibia, yeye si mtu mbaya. Anataka vitu viwili tu: hospitali ipi, na anaumwa nini. Kabla ya mkutano wa Jumamosi. Halafu picha anaifuta mbele yangu.

Na mimi nikasema nini?

Nikasema nitafikiria.

Sikusema hapana! Nimeandika kurasa na kurasa juu ya wanawake waliosimama. Waliosimama mahakamani, bungeni, mbele ya polisi waliofunga mageti ya chuo. Mimi sijawahi kusimama popote isipokuwa nyuma ya kaunta, na leo kwenye korido ya vyoo nikasema nitafikiria.

Baada ya chakula meneja alituita wote wa mapokezi. Hakupaza sauti. Alisema wageni wanatulipa ili tusiwaone. Alisema siasa za makwetu tuziache uwanja wa ndege, na atakayegundulika, khalas, basi, hatakuwa na la kumtetea. Alitutazama mmoja mmoja.  Naona alipita kwangu haraka. Au alikawia. Sijui. Nikiwa na hofu siwezi kupima kitu.

Kiprono alinikuta nje karibu na gari. Trevor amemuuliza na yeye alimpeleka wapi mama.

"Nimemwambia nilipeleka mathe The Pearl, kuangalia boti za wadosi wenye pesa. Jamaa akaniuliza, siku nzima? Nikamwambia, boss, hizo boti ni mob, haziishi." Akacheka. Mimi sikucheka. Akanitazama. "Redio, mbona umezimika?"

Sikumweleza. Neno moja tu. Koo. Ningelitamka, ningelala. Ni neno fupi kiasi gani!


Ijumaa, 17 Januari

Amerudi. Mshipa uliguswa.

Kiprono alimshika mkono kutoka garini kama anamshika mama yake mzazi, bila utani wowote. Bandeji nyeupe chini ya mtandio. Anatembea vizuri. Anakula uji. Uvimbe umetoka, anapumua kama mtu. Lakini akifungua kinywa hakitoki kitu, ni hewa tu, kama redio ambayo haijapata stesheni. Daktari amesema mshipa huenda ukaamka. Huenda. Na kusafiri kwa ndege bado, kwa sababu ya kidonda.

Anaandika. Kwenye vile vikaratasi vya hoteli vilivyo kando ya simu. Mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama. Kiswahili chake cha kuandika ni cha zamani, kizuri, kama cha vitabu vya shule vya wazazi wetu.

Binti yake alikuwa kwenye simu ya video. Mwanamke mkubwa kunizidi, macho yamevimba. Wajumbe wamegawanyika. Wanawake wa chama wamekataa kupiga kura mpaka wamsikie mama. Wale wanaume wawili wanaotaka kiti wanasema hamna wa kumsikia, mama hayupo tena. Taarifa ya maandishi haitoshi, watasema imepikwa. Binti akatoa wazo: siku hizi kompyuta inatengeneza sauti, hotuba zake za zamani ziko tele, ndani ya saa moja wanapata sauti yake ikisema chochote.

Profesa akatikisa kichwa. Binti akarudia, analia. Akatikisa tena. Akaandika, akaninyooshea mimi nimsomee binti:

"Nikianza kwa sauti isiyo yangu, nitatawala kwa ipi?"

Nikasoma. Kisha nikatafsiri kwa Kiingereza, maana binti Kiswahili hakijui.  Profesa alikuwa ananitazama jinsi ninavyosoma. Niliona wazo linamjia. Nililiona kabla hajashika kalamu, na nikatamani trei ya vyombo iwepo nipate kuibeba nitoke.

Anataka kesho aonekane kwenye skrini ya mkutano. Yeye mwenyewe, bandeji wazi. Aseme ukweli wote: alikuwa anaumwa, amepasuliwa, sauti haijarudi. Maneno yawe yake. Na kando yake, ndani ya picha hiyo hiyo, akae mtu anayeyasoma, ili watu waone mkono wake ukigeuza karatasi na mdomo wa mtu mwingine ukisema, pasiwe na hila.

Mtu huyo ni mimi.

Nilimwambia kila kitu. Trevor, korido, picha, goti. Nilijua atanichukia. Aliandika:

"Nilimwona siku ile. Alikuwa mwanafunzi wangu. Darasani hakuwa mbaya."

Nikamwambia basi anielewe. Akishasema mwenyewe, Trevor hana cha kumtishia yeye. Lakini mimi nitakuwa nimeonekana, uso mzima, kwenye simu za nchi nzima, ndani ya chumba cha hoteli hii, nikisoma siasa. Hapo hata picha ya goti haihitajiki. Nikamwambia nina mama. Nikamwambia huku kibali changu kimeshikwa na kazi hii. Nikaomba amtafute nesi, amtafute Kiprono.

Hakubishana. Hakunibembeleza. Aliandika polepole, akakiacha kikaratasi mezani, akageukia dirisha:

"Ulinisalimia mbele ya watu. Nadhani unaweza kusema mbele ya watu. Ukishindwa sitakulaumu."

Na mimi tena — nitafikiria! Watu wawili wananingoja Jumamosi na wote nimewapa jibu moja.

Scovia anasema nikatae wote wawili, nijifanye mgonjwa, nilale. "Urais wa watu wengine, wewe unaingia wapi? Utarudi kwenu na begi, nani atakuja kukupokea, huyo Profesa?" Yuko sahihi kila neno. Kisha amenipigia pasi sare yangu, hajaniuliza kitu, akaitundika.


Jumamosi, 18 Januari

Naandika stoo ya taulo, ghorofa yake. Ni mapumziko yangu. Nimejifungia.

Trevor yuko chini tangu asubuhi, kiti kile kile, gahwa ile ile. Nilipopita alionyesha saa yake ya mkononi, akatabasamu. Nikasema "karibu tena" — nimezoea hivyo, nikiogopa nakuwa na adabu zaidi! Alicheka. Sikusimama. Sikumwambia koo. Sikumwambia kitu. Hilo moja nimelimaliza.

Mkutano kwao umeshaanza. Nilimpelekea uji, binti alikuwa ameweka simu karibu na kipaza sauti cha ukumbini ili mama yake asikie. Wanawake wanaimba. Siijui lugha yao. Wimbo unapanda, wanaume wanajaribu kuukata kwa hoja za utaratibu, unapanda tena. Profesa alikuwa kitandani amefumba macho, midomo inafuata wimbo, haitoki hata pumzi. Nikaweka uji chini. 

Amenipa karatasi mbili, ameziandika kwa Kiingereza ili ukumbi wote uelewe. Nimezisoma mara nyingi hapa kati ya mataulo. Hakuna neno la kumtukana mtu. Hakuna hata la kuomba kura. Anaeleza ugonjwa kama anafundisha hesabu — hiki, kisha hiki. Mwisho anawaambia waamue wakijua. Ningeandika tasnifu nyingine kwa kurasa hizi mbili. Ningejificha humo miaka mitatu.

Juu ya ukurasa wa kwanza ameacha mstari mtupu. Pembeni ameandika: "Anza na salamu. Ichague wewe. Mama wakubwa wa chama waliishi nami Morogoro. Wataijibu."

Kiprono amegonga mlango wa stoo, nimeufungua. Hajui kila kitu lakini anajua vya kutosha. Meneja anapanda na Trevor, amesema. Trevor amekwenda kumlalamikia, ati kuna mfanyakazi anafanya mikutano chumbani kwa mgeni. Basi ameshaonyesha ile picha.

"Nimewaingiza lifti ya mizigo, hiyo inasimama kila floor," Kiprono amesema. "Redio, kama ni kuongea, ongea saa hii. Kama ni kutoroka, ngazi iko pale."

Nimevua beji. Niliishika nikidhani bila jina nitakuwa mtu yeyote tu. Hapana. Bila jina watasema imepikwa. Nimeirudisha kifuani, imekaa upande.

Mlango wake uko mkabala. Ameuzuia kwa kandambili usijifunge. Naiona meza kutoka hapa, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, viti viwili. Kimoja ameshakaa, mgongo wima, mtandio ameuvua. Wimbo umekatika. Kwenye simu, mwanamume wa ukumbini anatangaza jina la Profesa kwa mzaha, anauliza kwa Kiingereza kama yupo.

Kitu kinasimama ghorofa ya chini yetu. Mlango wa lifti unafunguka, unajifunga.

 Mstari ule mtupu nimeshaujaza, kalamu imetoboa karatasi. Shikamooni, mama zangu. Ni salamu tu. Hiyo naijua, nimeshawahi kuisema kwa sauti. Nachukua karatasi, navuka.